Patricia Bath na mashine ya mwanga: tunachokichanganya kuhusu mtoto wa jicho

Bibi mmoja jirani yetu hapa Ujiji, Kigoma, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, aliahirisha upasuaji kwa sababu ya ujumbe wa simu. Mjukuu wake alimsomea: kuna mwanamke mweusi wa Marekani amegundua dawa ya mtoto wa jicho, inaondoa kwa mwanga, hakuna kisu wala damu. Chini ya maneno kulikuwa na picha ya mama aliyevaa koti la daktari, na jina lake, Patricia Bath. Tangu siku hiyo, kila akisikia sauti yangu nikipita uani ananiuliza, "Mwanangu, ile mashine ya mwanga imeshafika hospitali ya Maweni?"

Nilidhani ni yeye peke yake. Baadaye nikausikia ujumbe uleule kwenye soko la Mwanga, na tena Kibirizi, kwa mama aliyekuwa akisubiri boti ya kurudi kijijini. Kila anayeusimulia huongeza chake: wengine wanasema ni dawa ya matone, wengine wanasema ni leza inayofuta ukungu kama unavyofuta kioo, wengine wanasema Wazungu waliificha. Katika mkanganyiko wote huo, jina ni la kweli, mwanamke ni wa kweli, na kazi yake ni kubwa kuliko hata huo ujumbe unavyosema. Ila kazi yenyewe siyo hiyo wanayoisimulia. Na kwa kuwa kuna watu wanakaa gizani wakiisubiri, ni vizuri tuifumue taratibu, tukianzia kwenye jicho.

Nyuma ya mboni, ule mduara mweusi wa katikati, kuna lenzi. Ni kitu kidogo, laini, kinachopitisha mwanga kama maji safi ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo inapopoteza ung'avu wake. Chukua yai bichi ulivunje: ute wake unaona mpaka chini ya sahani. Uweke kwenye moto, unageuka mweupe, na huoni tena kitu nyuma yake. Hakuna aliyeuongeza uchafu wowote. Ute ni uleule, umebadilika wenyewe. Lenzi nayo imejaa protini kama ule ute, na protini hizo hubadilika kwa sababu ya umri, jua kali la miaka mingi, kisukari, sigara, kuumia jicho, au kutumia kwa muda mrefu baadhi ya dawa kali za kutuliza uvimbe.

Mfano huu wa yai naupenda kwa sababu unajibu swali la matone bila mabishano. Hakuna mpishi anayeweza kuurudisha ute wa yai lililochemka ukawa mbichi. Vivyo hivyo, mpaka leo hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya majani iliyothibitishwa kuirudisha lenzi iliyokwisha kupauka. Anayekuuzia ya namna hiyo anakuuzia maji, na pengine maji yatakayokuletea kidonda kwenye jicho.

Jina lenyewe la ugonjwa limechangia kutupoteza. Mtu akisikia "mtoto" anafikiri kuna kitu kimezaliwa juu ya jicho, ngozi au kinyama cha kukwangua. Kile kinyama kinachotambaa juu ya weupe wa jicho kuelekea katikati, ambacho wavuvi wengi wanacho kwa sababu ya jua na upepo wa ziwani, ni ugonjwa mwingine. Kuna pia presha ya macho, yaani glakoma, na hii ndiyo inayonitisha zaidi. Jicho hutengeneza maji yake ndani na kuyatoa kwa mfereji mdogo. Maji yasipotoka vizuri, mara nyingi shinikizo hupanda na kuukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ukifa, umekufa. Mwenye mtoto wa jicho hata akichelewa miaka kumi, mara nyingi bado anaweza kuona tena. Mwenye glakoma alichokwisha kukipoteza hakirudi, na wengi hawahisi maumivu yoyote wakati wanakipoteza. Kwa hiyo mtu anayejipa ugonjwa kwa kusikia, akasema "ni mtoto wa jicho tu, nitasubiri", anaweza kuwa anasubiri kitu kingine kabisa.

Na macho mekundu? Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa wapo bibi zetu waliofukuzwa, wakapigwa, wengine wakauawa, kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu na watu wakayaita ya kichawi. Mwanamke aliyepuliza kuni jikoni miaka arobaini, aliyekausha samaki kwa moshi, au kule Tabora aliyekesha akichochea moto kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi. Wengine ni trakoma, ugonjwa wa bakteria unaobebwa na mikono, nguo na nzi, ambao hatimaye hukunja kope kwa ndani zikawa zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Bibi huyo anahitaji daktari wa macho, na jiko lisilomjaza moshi usoni.

Sasa turudi kwenye matibabu, maana hapo ndipo jina la Patricia Bath linapoingia.

Kama lenzi haisafishiki, dawa ni moja: itolewe, iwekwe nyingine. Hili halikugunduliwa na mtu mmoja. Ni kama boti zetu: aliyechonga mtumbwi wa kwanza siye aliyeweka tanga, na aliyeweka tanga siye aliyefunga injini. Zamani sana, Asia na hata Afrika, waganga walikuwa wakiisukuma lenzi kwa kitu chenye ncha ili iangukie ndani ya jicho, mwanga upate njia. Wengine waliona kidogo, wengi waliharibikiwa. Katikati ya karne ya 18 daktari wa Ufaransa, Jacques Daviel, akaanza kuitoa kabisa. Mwaka 1949, London, Harold Ridley akaweka lenzi ya bandia ndani ya jicho kwa mara ya kwanza, na madaktari wenzake wengi wakampinga kwa miaka. Mwaka 1967 Mmarekani Charles Kelman akaja na njia ya kuivunja lenzi vipande vidogo kwa mtikisiko wa mawimbi ya sauti na kuivuta kwa kijibomba, ili kidonda kiwe kidogo sana.

Patricia Bath aliingia baada ya hapo. Wazo lake lilianza mwaka 1981: badala ya mawimbi ya sauti, kwa nini isitumike leza? Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa mwembamba na wenye nguvu. Alichobuni ni kijiti chembamba chenye kazi tatu. Ndani yake kuna uzi wa kioo unaopeleka mwanga mpaka kwenye lenzi na kuimomonyoa. Kuna njia ya kuingiza maji. Na kuna njia ya kuvuta mabaki. Baada ya hapo lenzi ya bandia inawekwa. Marekani hakupata leza zilizomfaa, akaenda kufanya majaribio Ulaya, ikiwemo Berlin. Mwaka 1986 majaribio yalifanikiwa, na mwaka 1988 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake. Akawa daktari wa kwanza mwanamke Mmarekani mweusi kupata hataza ya kifaa cha tiba.

Angalia vizuri kilichopo hapo. Kuna kidonda, japo kidogo, cha kupitishia kijiti. Kuna lenzi inayotolewa. Kuna lenzi inayowekwa. Kuna ganzi, kuna mkono wa daktari bingwa. Huo ni upasuaji. Ule ujumbe uliposema "hakuna kisu", ulimwongopea bibi yetu.

Wala njia hiyo siyo iliyoenea duniani. Hospitali nyingi zenye mitambo ya kisasa zinatumia mawimbi ya sauti, mtindo wa Kelman. Siku hizi zipo pia leza za aina nyingine zinazomsaidia daktari kukata na kulainisha lenzi kabla ya kuivuta. Ni ghali sana, na majaribio makubwa yaliyozilinganisha na njia ya kawaida hayakuonyesha kwamba mgonjwa anaona vizuri zaidi. Katika nchi kama yetu wagonjwa wengi hufanyiwa njia ya tatu: daktari anakata tundu dogo pembeni ya jicho, lililokatwa kwa namna ambayo linajifunga lenyewe bila nyuzi, anaitoa lenzi kwa mkono na kuweka mpya. Haihitaji mtambo wa mamilioni. Mikono iliyozoea huimaliza kwa dakika chache. Matokeo yake ni mazuri, na bei ya lenzi zenyewe ilishuka sana tangu miaka ya 1990, viwanda vya India vilipoanza kuzitengeneza kwa wingi. Bibi anayesubiri leza ya Marekani anasubiri kitu ambacho hata Marekani kwenyewe mgonjwa wa kawaida hakipati, wakati kinachomfaa kipo.

Nikiishia hapa nitakuwa nimemdhulumu Patricia Bath, nimemwacha kama mtu wa mashine ambayo haikufika kwetu. Sehemu ya maisha yake inayotuhusu sisi wa Kigoma ilitangulia mashine kwa zaidi ya miaka kumi, na haina kifaa ndani yake isipokuwa kalamu na daftari.

Alizaliwa Novemba 4, 1942, Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York. Baba yake alihamia huko kutoka Trinidad, akawa mtu mweusi wa kwanza kuendesha treni za chini ya ardhi za jiji lile. Mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu na akaiweka akiba yake kwa ajili ya masomo ya watoto. Ndiye aliyemnunulia binti yake seti ya vifaa vya kemia. Mwaka 1968 Patricia alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Howard. Ni mwaka uleule aliouawa Martin Luther King, na maskini kutoka kila pembe ya Marekani walipopiga kambi mjini Washington kudai haki zao. Yeye aliwakusanya wanafunzi wenzake wa udaktari wakaenda kuwatibu pale kambini.

Kisha akarudi nyumbani, Hospitali ya Harlem, na baada ya hapo akaenda kujifunza macho Chuo Kikuu cha Columbia. Sehemu hizo mbili ziko katika jiji moja, kilomita chache tu kati yake. Akaona jambo ambalo wengine walikuwa wakipita mbele yake kila siku. Kliniki ya macho ya Harlem, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa vipofu au wenye uoni hafifu. Columbia, vipofu walikuwa wachache mno.

Mtu mwingine angesikitika, akaendelea na zamu. Yeye alihesabu. Alikusanya takwimu, akaandika, akaonyesha kwamba watu weusi walikuwa wakipofuka mara mbili zaidi ya weupe. Na akauliza kwa nini. Kwa glakoma, asili ya mtu inachangia kweli: watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na mapema zaidi, ndiyo maana kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, wewe nawe ukapimwe hata kama unaona vizuri. Lakini sababu kubwa aliyoiona ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kubeba: watu wa Harlem hawakuwa wakifikiwa na daktari wa macho. Walifika wakiwa wamechelewa, au hawakufika kabisa.

Akawaendea walimu wake wa Columbia, akawashawishi wavuke mji waje kuwapasua wagonjwa wa Harlem bila malipo, na yeye akiwa msaidizi chumbani. Mwaka 1970 upasuaji mkubwa wa macho ulifanyika kwa mara ya kwanza Hospitali ya Harlem. Mimi nikilisoma tukio hili naona ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Bila kubuni chombo chochote, alimfikisha daktari mahali alipo mgonjwa.

Kutokana na hapo, katikati ya miaka ya 1970, akapendekeza taaluma mpya aliyoiita, kwa Kiswahili chetu, udaktari wa macho wa jamii. Maana yake ni hii. Mvuvi anayengoja dagaa waje wenyewe ufukweni atalala njaa. Anawafuata usiku, na taa. Udaktari wa macho wa jamii unamfuata mgonjwa namna hiyo. Watu wa kujitolea hufunzwa kupima uoni, wanakwenda kwenye vituo vya wazee na shule za watoto wadogo, wanamtambua mwenye glakoma kabla hajapotea, mwenye mtoto wa jicho kabla hajakata tamaa, na mtoto anayeitwa mzito darasani kumbe haoni ubao. Pamoja na wenzake alianzisha taasisi ya kuzuia upofu yenye msimamo kwamba kuona ni haki ya msingi ya binadamu. Taasisi hiyo ilishughulika na miwani, na pia matone ya kuwakinga watoto wachanga na maambukizi, chanjo ya surua na vitamini A.

Hapo pa vitamini A nikae kidogo, maana ni nyumbani. Mtoto anayeikosa vitamini hii huanza kutoona wakati wa magharibi, kisha kioo cha mbele cha jicho hukauka, kikaoza, na upofu wake hautibiki kwa matone yoyote. Surua ikimkuta hana akiba ya vitamini hiyo mwilini, huimaliza haraka. Kliniki zetu hutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Na Kigoma tumejaliwa michikichi. Wekundu wa mawese yetu, ule unaopaka kidole na kukataa kutoka, umetokana na kitu kilekile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mama akimwekea mtoto kijiko cha mawese kwenye mboga amefanya kazi ya daktari wa macho. Ila mafuta yakichemshwa sana mpaka yakapoteza rangi, faida hiyo inapotea pamoja na rangi, na ninasikitika ninapoona watu wameanza kuyaona mawese mekundu kuwa ni chakula cha asiyejiweza.

Maisha ya kazi ya Patricia Bath hayakuwa mepesi. Mwaka 1975 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika idara ya macho ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Walimpa ofisi ya chini ya ardhi, jirani na wanyama wa maabara. Akaikataa kwa utulivu, akapewa nyingine. Mwaka 1983 akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuongoza mafunzo ya ubingwa wa macho. Alistaafu mwaka 1993. Yeye mwenyewe alisema saa yake bora kuliko zote ilikuwa Afrika ya Kaskazini, alipompandikizia konea ya bandia, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, mwanamke aliyekuwa kipofu kwa zaidi ya miaka 30, akaona. Alifariki Mei 30, 2019, akiwa na miaka 76, na mwaka 2022 jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa wabunifu wa Marekani.

Tumpe basi heshima kwa alichokifanya, maana kinatosha. Ukisema "aligundua tiba ya mtoto wa jicho" umewafuta Daviel, Ridley na Kelman, na umempa sifa ambayo yeye hakuidai. Ukisema "alibuni njia ya kutumia leza kuondoa mtoto wa jicho, na alianzisha fikra ya kumfuata mgonjwa wa macho alipo", umesema kweli.

Bado kuna hofu chache ninazokutana nazo kila kambi ya macho ikitangazwa. Kwamba jicho linang'olewa, linawekwa kwenye sahani, kisha linarudishwa: hapana, jicho halitoki mahali pake hata kidogo, na jicho likitolewa haliwezi kurudishwa likaona. Kwamba usubiri mtoto wa jicho "akomae": ushauri huo ulikuwa wa mbinu za zamani. Leo kipimo ni kama kutoona kunakuzuia kufanya shughuli zako, na kusubiri kupita kiasi huifanya lenzi iwe ngumu na wakati mwingine hupandisha presha ya jicho. Kwamba ni ugonjwa wa wazee tu: watoto huzaliwa nao, na mtoto ambaye katikati ya mboni yake panaonekana peupe apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu peupe hapo panaweza pia kuwa saratani. Maziwa ya mama, mkojo, sukari na majani yaliyotwangwa visiguse jicho la mtu yeyote.

Ni kweli pia kwamba si kila anayepasuliwa huona kama kijana. Kama nyuma ya lenzi kuna glakoma au kisukari kimeshaharibu pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, lenzi mpya haitaponya hilo. Ndiyo sababu hupimwa kwanza, na ndiyo sababu wengine huhitaji miwani ya kusomea baadaye, kwani lenzi ya bandia kwa kawaida hutazama umbali mmoja.

Nilipomweleza bibi haya yote, yai na kila kitu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo ningepaswa kumuuliza mwanzoni. Mashine ilikuwa sababu ya mwaka huu tu. Miaka mitatu ya nyuma alikuwa ameshapewa tarehe mara mbili, na mara zote mbili hakwenda, kwa sababu binti yake anaanika dagaa na siku mbili hospitalini ni siku mbili bila biashara, na hakuna mwingine wa kumshika mkono mpaka kwenye bajaji. Wala hakuna aliyekuja kumuuliza kwa nini hakufika. Na huyu anakaa Ujiji, mjini. Wapo wanaotoka Kalya, kusini mwa mkoa wetu, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambao kwao safari ya kuja mjini ni ya boti ya usiku kucha na nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi.

Tumekubaliana. Kambi ijayo mimi nitamshika mkono, na binti atabaki na dagaa zake.